Wanawake wawili chini ya kichwa: mashauri ya rafiki wakati wa kusukana

Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kuandika juu ya ufalme, ndoa, matanga, na majina ya mapacha. Ni kazi nzuri na tunaipenda. Lakini kuna mila moja inayofanyika kila Jumamosi mu parsele zetu, kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kamina, na hakuna anayeiita mila. Ni ile ya wanawake kusukana nywele na kupeana mashauri. Mumoja anaketi chini kwenye mukeka, mwingine anaketi nyuma yake juu ya kiti kifupi, na kwa muda wa masaa matatu ao mane wanaongea. Wanaongea juu ya mafuta ya ngozi, juu ya mawazo yanayokataza mutu kulala, juu ya nyumba iliyokwama kwenye lenta sababu feza imeisha. Wanaume wakipita wanasema: hayo ni masolo ya wamama tu.

Sisi tunaona kwamba masolo hayo ni shule, tena shule ya zamani sana. Na kwa kuwa ni shule, tuna haki ya kuichunguza na kuikosoa kama vile tunavyokosoa mchezo wa kuigiza ao picha ya mchoraji: tuseme palipo pazuri, tuseme pia palipooza. Mila inayosifiwa tu bila kuulizwa maulizo inageuka kuwa maneno ya sikukuu.

Tuanze na kitu kinachoshikika mu mikono. Waluba wa zamani hawakulaza kichwa juu ya mto wa nguo. Walitumia musamo, kiti kidogo cha kuchongwa kwa muti, kirefu kama kiganja cha mukono, kinachowekwa chini ya shingo ili nywele zisiguse chini. Sababu yake ni nywele zenyewe. Usukaji wa Waluba wa upande wa Shankadi, ule wa nywele zinazoshuka ngazi kwa ngazi kama maji ya maporomoko, ulikuwa kazi kubwa: wataalamu wanasema uliweza kuomba karibu masaa 50, na ukitunzwa vizuri na musamo ulidumu miezi miwili ao mitatu. Masaa 50! Hakuna mutu anayeweza kujisuka peke yake hivyo. Kinyozi hajinyoi, na msukaji hajisuki.

Sasa, kati ya misamo iliyochongwa katika karne ya 19 na fundi mumoja wa huko (jina lake limepotea, wataalamu wa Ulaya wanamwita tu Fundi wa Nywele za Maporomoko), kuna mumoja unaowekwa leo katika British Museum, mjini London. Tunaujua kwa njia ya picha. Wanawake wawili wameketi wakitazamana. Kila mumoja ametia mikono yake juu ya mabega ya mwenzake. Miguu yao imepishana, wa huyu juu ya wa yule, hata mutu asijue mara moja mguu ni wa nani. Nyuma ya vichwa vyao nywele zinashuka kwa ngazi. Na juu yao wote wawili kuna kibao kidogo kilichopinda: pale ndipo kichwa cha mwenye kulala kinapumzika.

Wataalamu wengi wanafundisha kwamba wanawake wawili katika sanaa ya Waluba wanakumbusha pepo wawili wa kike, walinzi wa ufalme. Hatuna sababu ya kukataa. Waluba waliweka mwanamke mu viti vya wafalme, mu fimbo za utawala, mu vishikio vya kuwekea pinde, kwa kuwa siri za ufalme zilisemwa kuwa zinahifadhiwa mu mwili wa mwanamke. Lakini tunaona kwamba maelezo hayo yanaruka jambo lililo mbele ya macho. Musamo ulichongwa kwa ajili ya nywele. Anayeutumia ni mutu ambaye amekwisha kukaa siku nyingi mu mikono ya wengine. Na mchongaji, alipotafuta nani wa kubeba kichwa hicho, hakuchagua simba, hakuchagua mfalme. Alichagua wanawake wawili wanaoshikana. Pepo wanaweza kuwa pepo, hatubishi. Lakini watu wa siku zile walipowaona walijua pia wanafanana na nani.

Tazama tena namna wanavyoshikana. Mumoja akitaka kusimama, lazima mwenzake atoe mguu. Mumoja akianguka, kichwa cha aliyelala kinaanguka pia. Hapa ndipo tunapata kipimo chetu cha kukosoa mashauri ya rafiki: je, huyu anayenishauri, mikono yake iko ndani ya jambo hilo, ao ni mudomo tu?

Tukirudi kwenye mukeka, tunaona kwamba mambo mengi yanaongozwa na mikono. Kwanza, wenye kusukana hawatazamani. Anayesukwa anatazama mbele, kwenye mbabula ao kwenye watoto wanaocheza. Anayesuka anatazama kichwa. Kila mwalimu anajua kwamba kuna maneno mwanafunzi hawezi kusema akitazamwa usoni. Basi mukeka umemaliza tatizo hilo tangu zamani. Pili, hakuna haraka. Anayesukwa hawezi kuondoka na nusu ya kichwa, na anayesuka hawezi kumwacha hivyo. Mashauri yanasemwa, yanaachwa, yanarudiliwa baada ya saa moja yakiwa yamepoa. Tatu, mashauri hayasemwi moja kwa moja. Rafiki mwenye akili hasemi: “Weye unakosea na bwana yako.” Anasema: “Kulikuwa mama mumoja kule kwetu…” Na yule mama mumoja, ambaye pengine hakuzaliwa kamwe, anabeba kosa lote. Anayesukwa anacheka, anamhukumu yule mama, kisha ananyamaza. Amesikia.

Na juu ya uzito wa roho? Huku kwetu mutu hasemi kwa urahisi kwamba ana ugonjwa wa huzuni. Anasema kichwa kinawaza sana, ao roho iko nzito, ao tu hasemi kitu. Rafiki anaona kwanza kwa nywele. Mwanamke aliyezoea kuonekana safi, akipita wiki mbili na kitambaa mu kichwa akificha nywele zilizofumuka, wenzake wanajua kuna neno. Ndipo anaitwa: “Yaya, ikala hapa kwanza. Minaona mu macho kama haulalake. Leta ile kichanuo.” Hakuna ulizo lingine. Mafamilia nyingi zinajua pia desturi ya matanga: mwenye kufiwa hasukwi, nywele zinaachwa ao zinanyolewa, na siku ya kumaliza matanga wenzake ndio wanaomuosha na kumtengeneza upya. Hapa hakuna hotuba ya kufariji. Vidole vinapita mu kichwa, mafuta yanapakwa, na mutu anarudi polepole kati ya watu. Tumesoma saikolojia kidogo kule taasisi ya pedagojia, na hatukupata mu ile kozi jambo lililo bora kuliko hili.

Tusifikiri kwamba wanaume hawana yao. Wanayo kwa kinyozi na kwenye mchezo wa dame, lakini kwa kinyozi mutu anamaliza mu dakika 20, na kwenye dame kila mumoja anataka kushinda.

Upande wa nyumba ndio unaotupendeza zaidi, sababu pale mashauri yanageuka matofali. Mu vijiji vyetu kukandika ukuta kwa bulongo, kuusawazisha kwa mukono na kuupaka pemba nyeupe ilikuwa kazi ya wanawake kusaidiana, leo kwangu, kesho kwako. Aliyekuambia “bulongo ya kule mutoni ndiyo inashika” alikuwa pia na bulongo hiyo mu vidole vyake. Leo mu mji tuna likelemba. Tuseme wanawake kumi wanatoa kila mumoja franka 5 000 kwa wiki. Kila wiki mumoja anapokea 50 000, mpaka zamu imalizike. Hesabu hii ni ya mutoto wa shule ya msingi, lakini uzuri wake hauko mu hesabu. Rafiki akikushauri: “Acha kwanza mapazia, nunua manjanja mbele ya mvua ya Novemba,” anajua kwamba feza utakayotumia imetoka pia mu mufuko wake, na kwamba usipotunza zamu yake, yeye ndiye atalowa. Huyo hawezi kukushauri ovyo. Mikono yake iko ndani.

Ni vema hapa kukumbuka shule nyingine iliyotaka kufundisha mambo yaleyale. Wakati wa ukoloni, katika makambi ya Union Minière na mu miji mingi ya Kongo ya Wabelgiji, kulikuwa Foyer Social. Bibi za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika, kutunza watoto, kupamba nyumba. Hatutaki kuwa watu wasio na shukrani: vile vitambaa vya kroshe vinavyofunika viti vya saloni za wazazi wetu, vilivyotiwa ngumu kwa maji ya unga, vilitoka pale, na wamama wengi walipata kwa sindano ile chakula cha watoto wao. Lakini namna ya kufundisha ilikuwa ya juu kwenda chini. Mwenye kushauri alijua, mwenye kushauriwa hakujua. Mwenye kushauri alirudi jioni kwake, kwenye nyumba nyingine, mtaa mwingine. Jambo la ajabu ni kwamba kroshe haikuenea kwa nguvu ya somo. Ilienea sababu wanawake waliibeba kwenye mukeka, mumoja akamwonyesha mwenzake mafundo, wakabadilisha mifano, wakatia maua ambayo hakuna mwalimu wa Foyer aliyeyafundisha. Somo lilihitaji urafiki ili liishi.

Watu watatuambia: ninyi mnasahau songi-songi. Hatusahau. Kwenye mukeka majina ya watu yanasagwa kama mihogo, na ndoa zaidi ya moja mu kartye zetu ilivunjikia pale. Lakini tuangalie vizuri: songi-songi inaongea juu ya mutu ambaye hayupo, na shauri linaongea juu ya mutu ambaye kichwa chake kiko mu mikono yako. Mu mazungumuzo ya masaa matatu hayo mawili yanachanganyika, kweli. Anayetaka kuyakataza yote juu ya lile moja, atafute kwanza mahali pengine ambapo binti wa miaka 17 anaweza kuuliza maulizo ambayo hawezi kuuliza mama yake.

Tunapopata shida ya kweli ni kwenye mambo mawili, na hapa hatutapaka mafuta.

La kwanza ni ngozi. Shauri la kujipaka dawa za kuwa mweupe halikuletwa kwetu na adui mwenye bunduki. Lilikuja mu mukono wa rafiki, kwa sauti ya upole, kwenye mukeka uleule: “Jaribu hii kidogo, utaona namna uso utalala.” Dawa hizo nyingi zina idrokinoni, ao zebaki, ao dawa za kundi la kortizoni ambazo mganga anaziandika kwa ugonjwa na kwa siku chache tu. Zebaki inaharibu mafigo. Kortizoni inayopakwa miaka na miaka inafanya ngozi kuwa nyembamba, hata mwanamke akipasuliwa kwa kuzaa, mshono unakuwa taabu kupona. Idrokinoni inaweza mwishowe kuacha madoa meusi ya buluu palepale ambapo mutu alitafuta weupe. Umoja wa Ulaya ulikataza idrokinoni katika mafuta ya kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Masoko yetu hayakusikia habari hiyo. Wanaume nao wasijifanye kuwa hawamo: nani anayesifu “ule mweupe” mbele ya bibi yake?

Lakini ulizo letu ni la ukosoaji wa mila: sababu gani shauri baya hivi linapita kwa urahisi mu njia nzuri hivi? Jibu tunaloliona ni hili. Anayeshauri dawa hiyo mara nyingi ndiye anayeiuza, kidogo kidogo, mu vikopo. Amechukua namna zote za urafiki, sauti, mukeka, “yaya”, lakini mkono wake umetoka. Siku ngozi itakapochomeka hatakaa nawe. Ni musamo wenye mwanamke mumoja tu. Tena mukeka una udhaifu mumoja wa kuzaliwa: unaamini kilichoonekana. Rafiki aliona uso wa mwenzake unang'aa baada ya wiki tatu, akaamini. Mafigo hayaonekani baada ya wiki tatu. Mambo ya bulongo na ya likelemba yanajihukumu upesi, ukuta mbaya unaanguka kwa mvua ya kwanza. Mambo ya mwili yanachelewa kujibu, na mila yetu haijajua bado kungojea jibu hilo. Hapo waalimu wa biyolojia wangekuwa na kazi, kama wangekubali kufundisha zebaki pamoja na kikopo cha mafuta mezani, siyo kwenye ubao tu.

La pili ni neno “vumilia”. Tunaliheshimu neno hili. Bila uvumilivu hakuna nyumba. Lakini tuhesabu ni mara ngapi linasemwa kwenye mukeka kwa mwanamke ambaye msukaji anaona alama ya kipigo nyuma ya sikio. Anaiona, sababu yuko palepale, hakuna mutu anayeona kichwa cha mwanamke kwa karibu zaidi. Anapitisha kichanuo polepole na anasema: “Vumilia, yaya, wanaume ndivyo walivyo.” Shauri hilo halimgharimu kitu anayelitoa. Ni mudomo.

Na mara nyingi shauri hilo linaungwa mukono na sheria ambayo haipo tena. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimwomba mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kwa kufanya mapatano mbele ya sheria. Basi wamama walifundishana: kwa kufungua biashara, kwa kutia sahihi, kwa kushitaki, weye si kitu bila bwana. Wakati ule walisema karibu kweli. Lakini sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Sasa ni bibi na bwana wote wawili wanaopaswa kusikilizana. Na kupiga mutu ni kosa mbele ya sheria, hata kama mutu huyo umemtolea mahari. Miaka imepita tangu 2016, na kwenye mikeka mingi bado tunasikia mashauri ya 1987. Hatushangai: hakuna aliyekuja kuketi pale na kusema habari hiyo mu lugha ya pale. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa na ikabaki kwa Kifaransa.

Tumesikia pia namna nyingine, na tunaiandika hapa kwa kuwa inastahili kuandikwa kuliko majina ya wafalme wengi. Mwanamke aliyeona alama kama ile hakusema vumilia. Alisema: “Tumalize kwanza nywele. Kisha bana watabaki kwangu, weye na mama ya Ilunga mutaenda kwa mukubwa wa familia. Akikataa kusikia, kesho nitakusindikiza mwenyewe kwa tribinali.” Yeye na mama ya Ilunga walikuwa mu likelemba moja na yule aliyepigwa, nauli ilitoka mu sanduku, mbele ya zamu. Hakukuwa mwanasheria kati yao.

Tuseme neno juu ya saluni. Wengi wanalia kwamba saluni na meshi za dukani zimeua mukeka. Hatuoni hivyo. Mu saluni ya kartye, yenye kioo kimoja na benchi moja, masolo yanaendelea, na msukaji kijana anapata pato lake, jambo ambalo mukeka haukumpa. Kinachobadilika ni kwamba sasa unalipa, na ukishalipa hakuna deni. Kwenye mukeka deni linabaki: nimekusuka leo, utanisuka wiki ijayo, kwa hiyo nitajua kama shauri langu lilikusaidia ao lilikuharibu. Kwenye kioo pia watu wanatazamana kwa njia ya kioo. Hatujui bado maneno gani yatapotea kwa sababu hiyo. Wanawake wenyewe watatuambia.

Mu shule yetu tumeanza kuwapa wanafunzi wa darasa la tano, wasichana na wavulana, kazi ndogo ya nyumbani: Jumamosi wasikilize mahali watu wanaposukwa ao wanaponyolewa, waandike shauri moja, bila jina la mutu, na pembeni waandike ni kitu gani aliyelitoa alikubali kukifanya yeye mwenyewe. Sehemu ya kwanza wanaijaza kwa urahisi, ukurasa mzima. Sehemu ya pili inabaki nyeupe mara nyingi. Juma lililopita binti mumoja alileta daftari lake, pembeni ameandika neno moja tu: “Ndoo.” Tulimuuliza maana yake. Akasema rafiki ya mama yake alimshauri mama apake nyumba rangi mbele ya ubatizo wa mutoto, na siku ileile jioni akaja na ndoo ya rangi nusu, iliyobaki kwake, na burashi mbili.